Kiwanja cha Wote, Kiwanja cha Wamoja: Neno juu ya Golfu ya Kando ya Bahari

Wasomaji wapenzi, labda mutashangaa. Kijitabu hiki ni cha mila na desturi, na sisi tunawaletea golfu. Siku tulipotaja jambo hili katika mkutano wa chama, mzee wetu mmoja alituuliza: «Mwalimu, hii golfu iko mila ya nani? Ya Basanga? Ya Balunda? Ya Bayeke?» Watu wakacheka, na sisi vilevile tukacheka. Lakini swali la mzee lilikuwa swali la kweli. Tunaomba ruhusa ya kulijibu kwa urefu kidogo, maana siku ile hatukuwa na jibu la haraka.

Tunasema mapema nia yetu ni nini. Hatutaki kuwafundisha watu wa Kolwezi kucheza golfu. Tunataka kuutazama mchezo huu jinsi mtu anavyotazama kitabu au ngoma: kuona ulitengenezwa namna gani, una uzuri gani, una ubaya gani, na nani aliufanya udumu zaidi ya miaka mia tano. Halafu tutageuka na kutazama michezo yetu wenyewe, na hapo njo penye uchungu.

1. Tuliona wapi

Anayehukumu kitu lazima aseme alikionea wapi. Sisi tuliona golfu mara ya kwanza Lubumbashi, tulipokuwa tunasoma kwenye Institut Supérieur Pédagogique. Lubumbashi kuko katiye nzima inayoitwa Golf, na watu wengi wanaokaa mule hawajashika fimbo ya golfu hata siku moja. Jina lilibaki juu ya nyumba zao tu. Rafiki mmoja alituita siku za posho tubebe mifuko ya wachezaji, tupate franga za fotokopi. Tulibeba. Kwa macho yetu ya vijana wenye njaa, ulikuwa mchezo wa ajabu: mtu mzima anapiga mpira mdogo, anautembelea polepole, anaupiga tena, kisha anaandika hesabu. Hatukuona uzuri wowote mule.

Mara ya pili ilikuwa Mombasa, mwaka 2019. Mtoto wa baba yetu mkubwa aliolewa kule, na mume wake anafanya kazi ya makontena bandarini. Tulipomaliza safari ya Dar es Salaam, ambako mdogo wetu alikuwa anatoa gari bandarini kama wanavyofanya Wakongo wengi, tulipanda basi mpaka kwa shemeji. Yeye anapenda golfu. Asubuhi moja akatuchukua mpaka kiwanja cha Mombasa Golf Club, kilichoanzishwa mwaka 1911, kwenye ncha ya kusini ya kisiwa, kandokando ya Mama Ngina Drive. Kina mashimo tisa tu. Anayetaka kumi na nane anazunguka mara mbili. Chini ya ukingo wa mwamba kuko bahari, na meli zinazoingia Kilindini zinapita karibu hivi kwamba unaweza kusoma majina yake.

Hapa lazima tusimame kidogo juu ya neno moja: shimo. Shemeji alisema, «Shimo la kwanza ni rahisi.» Sisi tukashtuka, halafu tukacheka peke yetu. Kwetu Kolwezi, ukisema shimo, watu wanawaza shimo la mgodi, ambamo baba wa mwanafunzi anashuka na kamba na taa kwenye kichwa. Shimo la golfu lina upana wa milimita 108. Kipimo hicho kiliwekwa kuwa sheria ya wote mwaka 1891, na tangu hapo hakijabadilika. Shimo dogo kiasi hicho, na watu wanalizungushia inchi nzima ya majani!

Shemeji akatupa fimbo. «Shemeji, usipige kwa hasira,» akasema. «Mpira ukipanda juu, upepo utauchukua, tutaufuata Likoni.» Tulipiga. Mpira ulitembea hatua mbili. Mara ya pili ulitembea zaidi, lakini upepo wa kusi ukausukuma upande wa barabara. Mara ya nne njo tulielewa alichotaka kutuambia: kando ya bahari huwezi kuushinda upepo, unafanya mapatano nao. Unapiga chini, mpira unakimbia juu ya ardhi, unaruka pahali penye jiwe, unateremka, unasimama. Siku ile tulianza kuona kwamba mule kuko kitu.

2. Kazi ya bahari, kondoo na sungura

Tuliporudi Kolwezi tulianza kusoma juu ya mchezo huu, na tukafahamu kwamba kiwanja cha Mombasa, pamoja na upepo wake wote, si kiwanja cha kando ya bahari kwa maana kamili. Waskoti wana neno lao, links. Linataja ardhi ya aina moja tu: mchanga ambao bahari iliuacha iliporudi nyuma, ukafanya vilima vidogo katikati ya pwani na mashamba. Ardhi hiyo haifai kulima. Inaota majani mafupi, magumu, yasiyohitaji udongo mwingi. Maji ya mvua yanaingia chini upesi, kwa hiyo hata wakati wa baridi mtu anatembea pakavu. Mombasa chini ya majani kuko mwamba wa matumbawe, na uzuri wake mkubwa ni kutazama mbali. Uzuri wa Uskoti uko chini ya viatu.

Kiwanja kinachojulikana kupita vyote ni kile cha St Andrews, muji mdogo wa pwani ya mashariki ya Uskoti. Kinaitwa Old Course, maana yake Kiwanja cha Zamani. Hakuna mtu mmoja anayeweza kusema, «Mimi njo nilikichora.» Bahari ilileta mchanga. Kondoo na sungura walikula majani yakawa mafupi. Mashimo mengi ya mchanga yanayowatesa wachezaji leo, wanasema yalianza pahali ambapo kondoo walijificha upepo na kukwangua ardhi. Watu walikuja juu ya kazi hiyo ya wanyama na upepo, wakapitisha njia yao, na njia ikawa mchezo. Kwa muda mrefu walicheza mashimo 22 katika mzunguko mmoja. Mwaka 1764 wakayapunguza kuwa 18, na hesabu hiyo ya muji mmoja ikawa hesabu ya dunia nzima.

Kama tungekuwa tunahukumu ngoma, tungesema hii ni ngoma isiyo na mtungaji, kama nyimbo zetu za mavuno: kila kizazi kimeongeza kidogo na kuacha kidogo. Tazameni jambo moja. Kwenda, njia inatoka ndani ya muji na kufuata pwani. Kurudi, inapita kandokando ya njia ileile na kuishia tena mjini, karibu na madirisha ya watu. Kwa sababu ardhi ni nyembamba, mashimo ya kwenda na ya kurudi yanagawana uwanja mmoja wa kumalizia. Kuko viwanja saba vya namna hiyo, na kila mara ukijumlisha namba za mashimo mawili unapata 18: la pili na la kumi na sita, la tatu na la kumi na tano, mpaka la nane na la kumi. Wanafunzi wetu wa hesabu walipenda jambo hili sana. Sisi tulipenda zaidi maana yake: anayekwenda na anayerudi wanakutana, na lazima mmoja amungoje mwenzake.

Na kucheza kwenyewe? Kwenye viwanja vya bara, vyenye miti na majani laini, mpira unarushwa juu, unaanguka pahali ulipotaka, unasimama. Kando ya bahari hapana. Mtu anaweza kupiga vizuri kabisa, na kilima kidogo kisichoonekana kikautupa mpira ndani ya shimo la mchanga. Kwenye St Andrews shimo moja la namna hiyo, kwenye njia ya kumi na nne, liliitwa Jehanamu, na si kwa mchezo. Mwingine anapiga vibaya, ardhi inamhurumia. Kuko watu wanaosema hiyo ni kasoro, kwamba mchezo wa haki lazima ulipe kila mtu kadiri ya kazi yake. Sisi tunaona kinyume. Mchezo unaofanana na maisha lazima uwe na pahali pa bahati, na mwenye kucheza vizuri ni yule anayeweza kupokea bahati mbaya bila kuvunja fimbo. Wazee wetu waliocheza kisolo wanajua jambo hili.

3. Karatasi ya mwaka 1552

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike. Tulijiuliza: namna gani mchezo wa wachungaji na wauza samaki uliweza kudumu? Serikali yenyewe haikuupenda. Mwaka 1457 bunge la Uskoti, wakati wa mfalme James wa Pili, lilikataza golfu na mpira wa miguu, kwa sababu vijana walikuwa wanaacha kujifunza kupiga mishale ya vita. Katazo halikushinda. Lakini kitu kikubwa kilifanyika karibu miaka mia moja baadaye.

Mwaka 1552 askofu mkuu wa St Andrews, John Hamilton, alitaka kufuga sungura kwenye ile ardhi ya mchanga. Alikuwa mkubwa, na angeweza kuichukua tu. Pahali pa kuichukua, waliandikiana karatasi: yeye apate haki ya sungura, na watu wa muji wabaki na haki yao ya kucheza mule golfu, mpira, kulenga shabaha na michezo mingine. Wasomaji, tunaomba musipite upesi hapa. Haki ya kucheza iliandikwa. Haikubaki kwenye midomo ya wazee.

Musifikiri kwamba karatasi peke yake ilitosha. Mwaka 1797 halmashauri ya muji ilikuwa na madeni, na wakubwa wa muji wakaiachilia ardhi ile kwa pesa. Ikaangukia wafanya biashara waliotaka sungura, kwa nyama na ngozi. Sungura wakazaa, wakajaa kila pahali, wakatoboa kiwanja chote. Watu wa muji wakakasirika. Walikwenda mbele ya waamuzi, na mwaka 1805 wakapata ruhusa ya kuwaua wale sungura. Wengi walishika sungura, wengine walishikana wao kwa wao. Vita hiyo ilichukua miaka mingi. Ilikwisha mwaka 1821, mwenye shamba mmoja wa karibu, James Cheape, mpenda golfu, aliponunua ardhi ile na kuuacha mchezo upumue. Mwaka 1894 sheria ya bunge ikairudisha ardhi mikononi mwa muji, na tangu mwaka 1974 inasimamiwa na shirika lililoundwa kwa sheria kwa faida ya watu wote.

Matokeo yake ni nini leo? Matajiri wa dunia wanapanda ndege kwenda kucheza pale, na wengi wanaingizwa katika bahati nasibu ili wapate nafasi. Lakini siku ya Mungu kiwanja kinafungwa kwa golfu. Watu wa muji wanatembea juu yake na watoto na mbwa wao, wanakula chakula chao juu ya majani ambayo wachezaji wakubwa wameyaota katika ndoto. Kiwanja kinachojulikana kupita vyote duniani ni kiwanja cha wote. Hatukujua jambo hili tulipokuwa tunabeba mifuko Lubumbashi.

Hatutaki kuwasifu Waskoti kupita kipimo. Chama cha wachezaji wakubwa wa St Andrews, kilichoundwa mwaka 1754, kilikubali kupokea wanawake mwaka 2014 tu. Miaka 260! Wanawake walikuwa na haki ya kutembea juu ya majani, lakini nyumba ya chama ilibaki imefungwa. Mila inaweza kulinda kiwanja na kufunga mlango kwa wakati uleule. Nasi tusijifiche: kisolo tulichokiona utotoni, wanaume njo walikaa kwenye kivuli, na mama zetu walipita na maji kichwani.

4. Namna golfu ilifika Kongo

Mchezo ulipovuka bahari ulipoteza karatasi yake. Hili njo shauri letu kubwa juu yake, na tunalisema bila kufichaficha.

Wakoloni walipojenga miji katika inchi yetu, waliweka uwanda mtupu katikati ya muji wa Wazungu na sité ya watu weusi. Waliuita «zone neutre». Sababu waliyotoa ilikuwa mbu na magonjwa. Mbu wa sité, walisema, asiweze kuruka mpaka kwenye kitanda cha Mzungu. Elisabethville, Lubumbashi yetu ya leo, ilipata uwanda huo. Léopoldville vilevile, na pale katika uwanda ule walitia bustani ya miti, bustani ya wanyama, na kiwanja cha golfu. Kiwanja kile cha golfu kingali pale Gombe mpaka leo.

Wasomaji, muone kinyume chake. Ni majani yaleyale, fimbo zilezile, mashimo kumi na nane yaleyale. St Andrews majani yaliunganisha muji na pwani yake, kila mtu akapita. Léopoldville majani yalitenga watu na watu. Mwafrika aliyevuka pale alikuwa boyi, mbeba mfuko, au mtu anayeulizwa karatasi yake. Kwa hiyo mzee wetu aliyecheka katika mkutano hakukosea. Alikuwa anakumbuka uzio, hata kama uzio ule ulitengenezwa kwa majani na hakuna waya.

Kuko watu wengine wanaosema: kwa sababu golfu ililetwa hivyo, tuitupe, tuisahau. Sisi tunaona kwamba kuitupa bila kuisoma ni kupoteza mara mbili. Wakoloni walituonyesha mchezo wakatuficha somo. Walituonyesha fimbo na kofia na viatu vyeupe. Hawakutuambia kwamba kwao muji mzima uliwahi kupigana miaka mingi ili mchanga wa pwani usiuzwe.

5. Kisolo, mukuba, na kiwanja cha masomo

Turudi Kolwezi. Katika vijitabu kama hiki tumesoma kurasa nyingi nzuri juu ya ngoma, ndoa, majina, methali. Tumeandika sisi pia. Lakini tunajiuliza: tunapoandika juu ya mchezo, tunaandika juu ya pahali pake? Kisolo ni mchezo wa matundu: safu nne za matundu yaliyochimbwa katika udongo, na mbegu au vijiwe vya kugawanya. Unahitaji kivuli cha mti na udongo usio wa mtu mmoja. Kata mti, weka ukuta, na kisolo kinabaki katika ubao wa museum.

Tumekwisha kuliona jambo hili kwa kitu kikubwa zaidi. Wazee wa inchi hii waliitwa walaji wa mukuba, juu ya walijua kuyeyusha shaba na kumimina misalaba ambayo ilifanya biashara mpaka mbali. Union Minière iliundwa mwaka 1906, na vilima vya shaba vikaingia mikononi mwake. Ujuzi wa wayeyushaji ulikosa pahali pa kusimama. Leo, mtoto wa Kolwezi anayetaka kuona msalaba wa mukuba anaenda kuutafuta kwenye museum ya Lubumbashi, karibu kilomita mia tatu, na mukuba wenyewe unapita mbele ya nyumba yao kila siku juu ya kamiyo. Hakuna aliyewakataza wazee kukumbuka. Walikosa kilima tu.

Na jambo lenyewe linaendelea. Mwaka 2014 watu waligundua kobalti chini ya nyumba zao Kasulo. Kuta zikageuka midomo ya mashimo. Miaka mitatu baadaye mamia ya familia zilihamishwa na sehemu ya katiye ikazungushiwa ukuta. Hatuandiki ili kuwahukumu wachimbaji. Baba za wanafunzi wetu wengi wanaishi kwa kazi ile, na malipo ya masomo yanatoka mule. Tunasema tu kwamba katika hesabu za kuhamisha watu, wanahesabu nyumba, wanahesabu miti ya maembe. Kiwanja ambacho watoto walichezea, nani alikihesabu?

Nasi tuna ushuhuda wetu. Mwaka mmoja tulirudi kutoka likizo kubwa, tukakuta vyuma vimepandwa kwenye kiwanja cha masomo tunamofundisha, vimepakwa rangi nyekundu kwenye ncha. Wanafunzi wakafikiri ni alama za mashindano, wakaanza kukimbia kutoka chuma kimoja mpaka kingine. Tulikwenda kwenye ofisi moja kuuliza. Mukubwa aliyetupokea hakuwa mtu mubaya, alitupa kiti, alitusikiliza, halafu akauliza: «Mwalimu, karatasi ya kile kiwanja iko wapi?»

Tulimwambia kwamba watoto wamecheza pale tangu wakati wa baba zetu. Tulimwambia kwamba wazee wa katiye wote wanajua. Akarudia: «Naelewa. Lakini karatasi?»

Hatukuwa nayo. Hakuna aliyewahi kuiomba. Sisi ambao tumeandika kurasa kumi na mbili juu ya michezo ya watoto wa Lualaba, hatukuwa na ukurasa mmoja unaosema watoto wachezee wapi. Nusu ya kiwanja ilikwenda. Mazoezi ya mwili tunayafanya sasa katika nusu iliyobaki, kwa zamu. Darasa lisilo na zamu linakimbia kandokando ya barabara, mikono juu ya pua wakati kamiyo zinapita.

6. Tufanye nini

Mtu atasema: Uskoti ni Uskoti, na Kongo ni Kongo. Ni kweli. Kwetu, sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali peke yake. Lakini sheria hiyohiyo inaruhusu kutoa haki ya kutumia ardhi kwa maandishi, na masomo, parokia na vyama vinaweza kuomba. Tena, sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inadai kila kampuni ya kuchimba iandikiane na watu wa pahali orodha ya kazi za maendeleo, na itoe angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Katika mikutano ya orodha hizo watu wanaomba barabara, maji, kituo cha afya. Ni vizuri, nasi tunayaomba. Lakini kwa nini hakuna anayesema: na kiwanja kimoja katika kila katiye, chenye mipaka na karatasi?

Watu wa St Andrews hawakuwa na kitu ambacho sisi hatuna. Walikuwa na mkubwa mwenye njaa ya ardhi, kama sisi. Walikuwa na halmashauri yenye madeni. Walikuwa na sungura, nasi tuna kobalti. Tofauti ni karatasi ya mwaka 1552, na watu waliokubali kuibeba mbele ya waamuzi mara nyingi.

Kwa hiyo tunaomba chama chetu mambo matatu. La kwanza, kila mwandishi atakayeandika juu ya ngoma au mchezo katika kijitabu kijacho ataje pahali pake: mti gani, kiwanja gani, katiye gani, na nani anapalinda leo. La pili, tufanye daftari ya viwanja vya wote vilivyobaki Manika na Dilala, na tuipeleke kwa wakubwa wa katiye watie sahihi. La tatu, wanachama wetu wanaokaa katika mikutano na makampuni wasione haya kuomba pahali pa kuchezea. Mchezo si jambo la kitoto. Serikali ya Uskoti iliuogopa mpaka ikautungia sheria.

7. Jibu kwa mzee

Mzee wetu aliuliza golfu iko mila ya nani. Tumeipima, na hukumu yetu ni hii. Kama mchezo, golfu ya kando ya bahari ni kazi nzuri, juu ya inafuata ardhi pahali pa kuilazimisha, na inamfundisha mtu kupokea upepo. Kama kitu kilicholetwa kwetu, ilikuwa uzio, na tuna haki ya kulisema. Lakini kama mila, iko ya watu wa muji mmoja mdogo ambao hawakukubali kupoteza mchanga wao. Mzee, mila iko ya yule aliyebaki na kiwanja.

Sisi tumekwisha kuanza. Siku ya posho iliyopita tulichukua wanafunzi wawili na kamba, tukapima nusu ya kiwanja iliyobaki: hatua tisini kwa hamsini na nane, pamoja na mwembe mmoja kwenye kona ya juu. Chini ya mwembe ule tuliona matundu ya kisolo, mtu aliyachimba karibuni. Tumeyaandika katika barua pamoja na mipaka. Barua iko tayari, inangoja sahihi za wazazi, na ya mzee wetu ikiwa atakubali kuwa wa kwanza.